Ofa ya Sangara kwa Sato na Kambale: nikubali au nikaze? (fantasy, ligi ya drafti Mwanza)

Kocha_Mabatini

Wakuu, salaam. Naomba hesabu, ushabiki tuuache kwenye kibanda umiza.

Ligi yetu ni ya drafti, ile ya Fantasy Premier League (mchezo wa mtandaoni wa kupanga kikosi cha wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya Uingereza na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani) isiyo na bajeti, ambayo mchezaji mmoja anamilikiwa na mtu mmoja tu. Tuko watu 10, tunacheza ana kwa ana: ukishinda pointi 3, sare 1. Kikosi ni watu 15 kama kawaida, yaani makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Kapteni wa kuzidishiwa pointi hakuna, chipu (nyongeza maalumu za wiki moja) hakuna.

Nimeletewa ofa ya wawili kwa wawili. Majina halisi siweki kwa sababu mwenye ofa anasoma humu, kwa hiyo tuwaite kwa majina ya samaki wa ziwani:

Natoa Sangara, kiungo, mpiga penalti, makadirio yangu pointi 6.0 kwa mechi. Pamoja naye natoa Dagaa, mshambuliaji wangu wa tatu, wa kuingia dakika ya 70, makadirio 2.5.

Napokea Sato, kiungo mzuri wa 5.0, na Kambale, mshambuliaji anayeanza kila wiki, 4.2.

Nacheza 3-5-2. Kiungo wangu wa tano ni Furu, 3.0, anaanza kwa sababu sina mwingine. Dedilaini ya kupanga kikosi ni Jumamosi saa nane mchana. Nikubali?

BodaWaIgoma

Kubali leo leo kabla hajabadili mawazo. Unatoa 8.5 unapokea 9.2. Hilo nalo la kuuliza?

Lindanda77

Boda, punguza mwendo. Hiyo ndiyo hesabu ambayo mwenye ofa anataka uifanye, kwa sababu inamhesabia Dagaa kama mtu anayecheza. Dagaa yuko benchi. Pointi zake 2.5 haziingii kwenye jumla ya wiki, basi hata Kocha akimtoa hapotezi 2.5.

Ofa ipimwe kwa wale 11 watakaoanza, kabla na baada. Kabla: Sangara 6.0 na Furu 3.0, jumla 9.0. Baada: Sato anachukua nafasi ya Sangara, Kambale anaingia mbele, Furu anakwenda benchi, mfumo unakuwa 3-4-3. Sato 5.0 na Kambale 4.2, jumla 9.2. Wengine tisa hawajaguswa.

Kwa hiyo faida si 0.7, ni 0.2. Kwa mechi 10 hiyo ni pointi 2, na kwa pointi 2 umemkabidhi mpinzani wako mchezaji bora wa kikosi chako. Ligi ya watu 10 utakutana naye zaidi ya mara moja msimu mzima, na kila mkikutana Sangara atakuwa upande wake.

Jambo lingine. Ukitoa mmoja bora kwa wawili wazuri, mwenzako amekusanya pointi nyingi kwenye nafasi moja. Nafasi ni 11 tu, haziongezeki. Ndiyo maana karibu kila ofa ya aina hii hutoka kwa mtu mwenye kikosi kipana asichoweza kukianzisha chote. Mwangalie benchi lake, utakuta Kambale kwake ni wa tatu au wa nne kwa umuhimu.

Dada_Nyegezi

Lindanda kasema vizuri ila mimi nina swali kabla ya yote: hizo 6.0 na 5.0 na 3.0 zimetoka wapi, Kocha? Kama umechukua wastani wa pointi za wiki nne zilizopita, hesabu yote hapo juu imejengwa kwenye mchanga. Kiungo aliyefunga mawili Jumamosi iliyopita anaonekana wa 7 kwa mwezi mzima, na huyo huyo akikaa wiki tatu bila bao anaonekana wa 2. Mtu hajabadilika, bahati ndiyo imebadilika.

Njia ya kukadiria haina uchawi. Chukua mabao tarajiwa na asisti tarajiwa (yale ambayo nafasi alizopata na alizotengeneza zilistahili kuzaa) kwa dakika 90, za mechi 10 au zaidi, kisha zidisha kwa pointi za nafasi yake. Kiungo wa mfano: mabao tarajiwa 0.35 mara pointi 5 ni 1.75. Asisti tarajiwa 0.25 mara 3 ni 0.75. Kufika dakika 60 ni 2. Klini shiti, yaani timu kutofungwa bao, kwa kiungo ni pointi 1, timu yake ikiwa na nafasi ya asilimia 30 weka 0.3. Pointi za kazi ya ulinzi weka 0.2, bonasi (pointi za ziada za waliong'ara kwenye mechi) 0.5, toa 0.2 ya kadi. Jumla 5.3.

Sasa hapo ndipo wengi wanaishia, na ndipo kosa linapoanzia. 5.3 ni ya siku anayoanza. Je, anaanza mara ngapi? Tuseme uwezekano wa kuanza ni asilimia 75, na siku asizoanza anaingia mwishoni na kuokota wastani wa 1.4. Basi 0.75 mara 5.3 ni karibu 4.0, ongeza 0.35, unapata 4.3. Pengo la pointi nzima limetoka kwenye dakika tu, uwezo wake hujaugusa.

Kwa hiyo Kocha, kwa kila mmoja wa hao samaki tuambie: anaanza kwa asilimia ngapi? Timu yake inacheza Ulaya katikati ya wiki? Nani anapiga penalti na kona siku hizi? Na usitufiche benchi lako la mabeki. Beki wako wa nne ni nani?

Kocha_Mabatini

Dada, nilifanya kwa njia hiyo hiyo, dakika zimo ndani. Sangara anaanza kila mechi. Sato timu yake iko Ulaya, nilimpunguza kidogo. Kambale timu yake haimo Ulaya na hana mshindani. Furu anagawana namba na mwenzake.

Beki wa nne tumwite Gogogo. Ni beki wa kati wa timu ya katikati ya msimamo, anacheza dakika 90 zote lakini klini shiti kwake ni za kubahatisha. Ndiyo maana namweka benchi.

Dada_Nyegezi

Nilijua.

Tangu msimu wa 2025/26 beki anapewa pointi 2 akifikisha matendo 10 ya ulinzi kwenye mechi moja: kuondosha hatari, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kunyang'anya mpira. Kiungo na mshambuliaji wanahitaji 12, ila kwao mipira iliyookotwa nayo inahesabiwa. Hazizidi 2 kwa mechi hata ufikishe 25. Sasa fikiria ni nani anayeondosha mipira mingi: si beki wa timu inayomiliki mpira asilimia 65, ni huyo Gogogo wako anayeshambuliwa kutwa.

Tumhesabie. Kufika dakika 60 ni 2. Klini shiti asilimia 25 mara pointi 4 ni 1.0. Kama anafikisha matendo 10 karibu kila mechi ya pili, tuseme asilimia 45, hiyo ni 0.9. Mabao ya kichwa 0.06 mara 6 ni 0.36. Asisti 0.09. Bonasi 0.25. Toa 0.4 ya mabao anayofungwa, maana kila mawili yanakata pointi 1, na 0.15 ya kadi. Jumla 4.05.

Yaani Gogogo ni wa 4.0, Furu ni wa 3.0, na Furu ndiye anayeanza! Geuza mfumo uwe 4-4-2 na umepata pointi 1 kwa wiki bila kuongea na mtu yeyote.

Sasa rudi kwenye ofa. Kabla: Sangara 6.0 na Gogogo 4.0, jumla 10.0. Baada: Sato 5.0 na Kambale 4.2 akichukua nafasi ya Gogogo, jumla 9.2. Ofa iliyoonekana ya faida 0.7 ni hasara ya 0.8.

Kikosi kipangwe kwanza, biashara baadaye. Mtu akikuletea ofa wakati wachezaji wako wamekaa vibaya, anakuuzia suluhisho la tatizo ambalo hukuwa nalo.

CapriPoint9

Hizi pointi za ulinzi zimeharibu utamu wa mchezo. Beki anapiga mipira ovyo anapewa sawa na mtu aliyetengeneza nafasi tatu.

Lindanda77

Utamu huo mzee uache Kirumba kwenye mechi za Pamba Jiji. Huku tunahesabu.

Ila nakubali kitu kimoja: usimpe Gogogo asilimia 45 kwa kuangalia jumla ya msimu. Angalia ni mechi ngapi alifikisha 10. Kuna mabeki wanaofika 8 au 9 kila wiki, wastani wao unapendeza na pointi hawapati hata moja. Beki mwenye 14, 6, 13, 5 anakulipa mara mbili kati ya nne. Mwenye 9, 9, 9, 9 anakulipa sifuri, na wastani wake ni karibu ule ule.

Mzee_wa_Kirumba

Vijana mmefanya hesabu nzuri. Mimi naongeza lililosahaulika, nalo ni uhaba.

Watu 10 mara washambuliaji 3 ni 30. Ligi Kuu ya Uingereza ina klabu 20, na nyingi husimamisha mshambuliaji mmoja. Maana yake washambuliaji wote wanaoanza wameshachukuliwa, na baadhi yenu mnabeba wa akiba kama huyo Dagaa. Ukienda kwenye orodha ya wachezaji huru kutafuta mshambuliaji hupati kitu, labda wiki ambayo namba moja wa klabu fulani ameumia na msaidizi wake amepanda. Ndiyo maana Kambale anaonekana ghali.

Viungo sivyo. Mmebeba 50, lakini klabu 20 zinaanzisha viungo wanne au watano kila moja, kwa namna mchezo wa fantasy unavyowapanga, maana hata mawinga wengi huitwa viungo. Basi kuna viungo zaidi ya 30 wanaoanza ambao hawana mwenyewe. Furu wa 3.0 hana sababu ya kuwa kwenye kikosi chako. Tafuta kiungo huru wa 3.5 au 3.6 kwa weiva, mpeleke Furu nje.

Weiva, kwa wasioifahamu, ni foleni ya maombi. Inachakatwa saa 24 kabla ya dedilaini. Kama dedilaini ni Jumamosi saa nane mchana, maombi yako yawe yameingia kabla ya Ijumaa saa nane mchana. Aliye mkiani mwa msimamo anatangulia, na mtu akishapata mmoja anasubiri wenzake. Baada ya hapo, walioachwa ni wa atakayewahi, hadi dedilaini.

Makosa mawili nayaona sana. La kwanza, mtu anaweka ombi moja tu, aliye mbele yake anamchukua mchezaji yule yule, naye anabaki mikono mitupu. Weka matatu au manne kwa mpangilio wa unavyowataka. La pili, anaomba mchezaji mzuri na wa kumtoa anamchagua kwa haraka, kisha mpinzani anamwokota aliyetolewa. Ukimwacha mtu, jiulize ni nani kwenye ligi anamhitaji.

Kocha_Mabatini

Shikamoo mzee wangu. Yupo kiungo huru, tumwite Ningu, anaanza kila wiki, mpiga kona, nimemfanyia hesabu ya dada hapo juu nikapata 3.6. Ila sasa kama Gogogo anaanza, Ningu atakaa benchi. Faida yake ni nini?

Mzee_wa_Kirumba

Marahaba. Faida ni siku mtu wako asipocheza. Mtu wa kwanza wa benchi si pambo, kwa msimu mzima ataitwa mara nyingi kuliko unavyofikiri, hasa Desemba mechi zinapobanana. Akiingia Ningu badala ya Furu umepata 0.6, na hukumlipa mtu.

Halafu huyo Gogogo ana kadi ngapi?

Kocha_Mabatini

Njano nne.

Mzee_wa_Kirumba

Basi yuko kadi moja kutoka kifungoni. Njano 5 ndani ya mechi 19 za kwanza za timu yake ni kukosa mechi 1. Njano 10 kabla ya mechi ya 32 kupita ni kukosa mbili. Beki wa kati anayeshambuliwa kutwa hawezi kukwepa kadi milele, kwa hiyo Ningu utamhitaji mapema. Angalia pia timu yake imeshacheza mechi ngapi: akivuka ya 19 akiwa na nne, kizingiti cha tano hakimhusu tena.

Ukara_Online

Naomba kuuliza la benchi wakati mpo. Wiki iliyopita kuna mjadala kwenye kundi letu: mtu alikuwa na 3-5-2, beki wake mmoja hakucheza, wa kwanza benchi alikuwa kiungo mwenye pointi 9, lakini mfumo ukaingiza beki wa pili kwenye foleni mwenye pointi 1. Watu wanasema ni hitilafu ya programu.

Lindanda77

Si hitilafu. Kikosi lazima kibaki na mabeki 3, viungo 2 na mshambuliaji 1, kwa uchache. Ukianza na mabeki watatu kamili na mmoja asicheze, anayeweza kuingia ni beki tu. Mfumo unamruka kiungo hata awe na 20. Kipa naye hubadilishwa na kipa tu.

Hii ndiyo sababu nyingine ya 4-4-2 ya dada. Ukianza na mabeki wanne, mmoja akikosekana bado una watatu, na yeyote wa kwanza benchi anaingia. Ukilazimika kucheza 3-5-2 au 3-4-3, hakikisha beki uliyemwacha benchi ni mtu anayecheza kweli, asiwe wa kujaza nafasi. Na usisahau kuwa mabadiliko haya hufanyika gemuwiki (raundi ya mechi) ikiisha, kwa hiyo msianze kurushiana maneno Jumamosi usiku.

Tena: mtu akicheza hata dakika 1 amehesabiwa kuwa amecheza. Anayeingia dakika ya 89 anakuletea pointi 1 na kumfungia mlango mwenye 9. Ndiyo maana mchezaji mwenye mashaka ya kuanza ni hatari zaidi kuliko aliyeumia kabisa. Aliyeumia utabadilishiwa.

Ukara_Online

Wabeja sana. Na dedilaini huku visiwani ni tabu, mtandao ukikata ndiyo basi.

Dada_Nyegezi

Dedilaini ni dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya gemuwiki, na saa zetu hubadilika kwa sababu Uingereza wanasogeza saa Jumapili ya mwisho ya Oktoba na ya Machi. Mechi ya kwanza ikiwa Jumamosi saa 12:30 ya kwao, dedilaini kwetu ni saa saba mchana wakati wa kiangazi chao, na saa nane mchana wakati wa baridi. Ikiwa Ijumaa saa 20:00 ya kwao, ni saa mbili na nusu usiku, na baridi ikiingia ni saa tatu na nusu. Wavuvi wa dagaa wakati wa giza huwa wameshaingia majini saa hizo. Kwa mtu wa Ukara au Nansio, panga kikosi Alhamisi, kisha rekebisha Ijumaa mchana baada ya makocha kuongea na waandishi, ukiwa bado nchi kavu. Mtu wa kupanda meli Jumamosi asiseme atapanga akiwa ndani.

Orodha rasmi za wachezaji hutoka baada ya dedilaini, kwa hiyo hazikusaidii kitu. Unachopaswa kusoma ni kauli za makocha na bendera ya mchezaji kwenye programu, inayoonyesha uwezekano wa kucheza: asilimia 75, 50, 25, au nyekundu ambayo ni 0. Mimi mwenye 75 namwanzisha kama benchi langu lina mtu wa kueleweka. Mwenye 50 simwanzishi isipokuwa awe bora mara mbili ya anayemfuata. 25 ni benchi moja kwa moja.

Na ratiba inaweza kukugeuka asubuhi ile ile. Tarehe 7 Desemba 2024 mechi ya Everton na Liverpool iliahirishwa kwa sababu ya dhoruba Darragh, tangazo likatoka siku hiyo hiyo ya mechi kabla ya dedilaini. Aliyefungua programu mchana akawaondoa watu wake. Aliyepanga Ijumaa akalala, walikaa pale pale.

BodaWaIgoma

Samahani kwa kuingilia. Sisi wa fantasy ya kawaida yenye bajeti ya milioni 100, tusaidieni la hit, yaani kukatwa pointi 4 kwa transfa ya ziada. Nina transfa moja, nataka kuwatoa wawili, nichukue hasara ya 4?

Dada_Nyegezi

Haraka haraka, maana uzi si wako. Wengi wanahesabu hivi: mpya ana 5, wa zamani ana 3, nitakaa naye wiki sita, faida 12, natoa 4 nabaki na 8. Si kweli. Kama wiki ijayo ungemleta bure, zile 4 zimekununulia wiki moja tu. Basi faida ya wiki hiyo moja ndiyo izidi 4. Hilo hutokea wa zamani anapokuwa hachezi kabisa na benchi huna mtu, au mpya ana mechi mbili ndani ya gemuwiki moja. Nje ya hapo kaa na transfa yako. Tangu 2024/25 unaweza kuzilimbikiza hadi 5.

Na bei zisikukimbize. Ukinunua mtu kwa 7.5 akapanda hadi 7.8, ukimuuza unapata 7.6, maana nusu ya faida inakatwa na kilichobaki kinashushwa. Kumwahi mchezaji Jumanne kwa ajili ya 0.1, kisha anaumia mazoezini Alhamisi, ni biashara ya hasara. Kapteni na msaidizi wake nao wasitoke mechi moja, hiyo ya Darragh imeshakuonyesha kwa nini.

CapriPoint9

Narudi kwenye drafti. Hesabu zenu zote ni za wastani, lakini huu ni mchezo wa ana kwa ana. Wastani wa msimu haunishindii Jumamosi hii.

Lindanda77

Hapo umegusa jambo la maana kuliko lile la utamu. Kwenye ana kwa ana, kushinda kwa 1 na kwa 40 ni pointi 3 zile zile. Kwa hiyo fanya makadirio ya kikosi chako na cha mpinzani. Kama unamzidi, chukua watu wa kutulia: mabeki wa dakika 90, viungo wenye pointi za ulinzi, wale wa 4, 5, 5, 4. Kama anakuzidi kwa 8 au 10, watulivu watakuzamisha taratibu. Hapo mwanzishe winga wa 1, 1, 13, 2, hata kama wastani wake uko chini kidogo. Unahitaji siku yake ya 13, na akipata 1 ungepoteza tu vilevile.

Lakini hii ni kwa nafasi moja au mbili za mwisho. Usije ukamweka Sangara benchi eti ana mechi ngumu. Sangara wa 6.0 akienda ugenini kwa timu ngumu atashuka, tuseme 4.5. Furu wa 3.0 akiwa nyumbani kwa timu nyepesi atapanda, tuseme 3.6. Bado hawafikiani. Ugumu wa mechi uamue kati ya watu wanaokaribiana, kama Gogogo na Ningu wiki fulani fulani.

Ukara_Online

Na Sangara akiitwa AFCON? Ile ya Morocco ilianza 21 Desemba 2025 ikaisha 18 Januari 2026, watu walikaa bila nyota wao wiki kadhaa.

Lindanda77

Hesabu wiki, usihesabu hofu. Tuseme zimebaki 15 na atakosa 5. Sangara wiki 10 mara 6.0 ni 60, na zile 5 anacheza Ningu wa 3.6, ni 18. Jumla 78. Sato wiki zote 15 mara 5.0 ni 75. Bado Sangara. Ila kama benchi lako ni Furu wa 3.0, jumla inakuwa 75, wamelingana. Umeona sasa kazi ya Ningu. Na kama wiki hizo tano ndizo zinazoamua nani anaingia fainali za ligi yenu, hesabu nyingine inaanza, maana pointi za wiki hizo zina uzito kuliko za Oktoba.

Kocha_Mabatini

Nimeelewa. Naikataa ofa. Nimtumie ofa ya kurudi? Namtaka Kambale, ila Sangara sitoi.

Mzee_wa_Kirumba

Angalia kwanza anachokosa yeye. Anamtaka Sangara, basi viungo wake ni dhaifu. Lakini kumbuka ubadilishane nafasi kwa nafasi, vikosi vyote viwili vibaki 2, 5, 5, 3. Ukitaka mshambuliaji utatoa Dagaa, na juu yake uweke kiungo anayemtosha, naye akupe kiungo wake hafifu.

Kiungo wako wa tatu ana ngapi?

Kocha_Mabatini

4.6.

Mzee_wa_Kirumba

Ukimtoa huyo na Dagaa, ukapata Kambale na kiungo wa 3.4, utacheza 4-3-3. Kambale 4.2 amekaa mahali pa 4.6. Hasara 0.4. Ukimtoa Gogogo na Dagaa kwa beki wake wa kawaida na Kambale, unapata 4.2 mahali pa 4.0, faida 0.2, na beki wa akiba umepungukiwa. Zote haziendi. Kambale ni samaki mzuri, kwenye kikosi chako hana pa kukaa. Ngoja hadi mshambuliaji wako mmoja aumie, hapo thamani yake kwako inapanda kutoka 0.2 hadi 0.6, maana atakaa mahali ambapo ungemwingiza Ningu wa 3.6.

Usimjibu kwa kejeli. Mwambie tu Sangara hauzwi, mlango uko wazi kwa wengine. Na msimamizi wenu aweke wazi mapema kama ofa zinapita moja kwa moja au wanachama wana haki ya kuzipinga. Mwisho wa msimu, aliyekata tamaa huanza kugawa nyota wake kwa rafiki yake, na hapo ndipo makundi ya WhatsApp huvunjika.

Kocha_Mabatini

Sawa mzee. Weiva nimeweka: Ningu kwa Furu, na wengine wawili nyuma yake. Kikosi ni 4-4-2, Gogogo anaanza. Benchi nimepanga Dagaa wa kwanza kwa sababu timu yake iko nyumbani, kisha Ningu, kisha beki wa tano.

Dada_Nyegezi

Dagaa wa kwanza? Ataingia dakika ya 70, achukue pointi 1, na Ningu wa dakika 90 abaki nje anaangalia. Ningu wa kwanza, beki wa tano wa pili kama anaanza kwenye timu yake, Dagaa wa mwisho. Na weiva isipokupa Ningu, rudi kwenye orodha ya wachezaji huru Ijumaa hiyo hiyo baada ya saa nane, wenzako wengi watakuwa hawajaamka.